Usimwage Makaa Ovyo: Nguruwe wa Moshi Anataka Hewa, Hataki Gunia

Wacha niseme mapema. Shida ya nguruwe wa moshi tunayepika nyumbani huku Gatongora si bajeti, si pipa, na wala si viungo. Ni hewa. Tunamwaga makaa kama watu wanayeyusha chuma, halafu tunashangaa kwa nini nyama imeungua nje na karibu na mfupa bado ina damu. Na venye makaa yamepanda bei, hii si hadithi ya utamu pekee. Ni pesa yako, ni afya ya watu unaowalisha, na ni mti uliokatwa mbali na hapa ili wewe upike Jumapili.

Msimamo wangu ni huu. Kama unajua kupika githeri kwa jiko, tayari unajua kupika nguruwe kwa moshi. Kama hutaki kujifunza kuzuia moto, basi kaanga tu, hakuna aibu. Lakini usichome mikebe kumi ya makaa kwa kilo mbili za nyama halafu uite hiyo ufundi.

Shosho alikuwa na kipimajoto

Angalia lile jiko la udongo ndani na bati nje, ambalo lilisambaa Kenya kuanzia miaka ya 1980. Pale chini kuna kamlango. Wengi wanadhani ni ka kutoa majivu tu. Kumbe hako ndiko kama swichi ya moto. Ukikafungua, hewa inaingia, makaa yanawaka mekundu na maji yanachemka chap chap. Ukikafunga nusu, moto unatulia. Ukikafunga karibu kabisa na ufunike makaa kwa majivu, jiko linashika moto masaa na masaa, na githeri inaiva polepole mpaka mahindi yanapasuka.

Shosho hakuwa anaongeza makaa ndio apunguze moto, wala hakuwa anamwagia maji. Alikuwa anacheza na kamlango na majivu. Yote ninayoandika hapa chini ni hiyo elimu ya shosho, imehamishwa tu kutoka kwa jiko hadi kwa pipa.

Makaa hayana akili ya kujua unataka joto gani. Yenyewe yanachomeka kulingana na hewa yanayopata. Ukiweka makaa mengi na hewa kidogo, unapata moto mdogo wa muda mrefu. Ukiweka makaa machache na hewa nyingi, unapata moto mkali unaokufa haraka. Ukiweka makaa mengi na hewa nyingi, hapo sasa umejenga tanuri. Watu wetu wengi wanafanya hii ya tatu, wanaogopa, wanafunua kifuniko ndio "joto litoke", na kwa kufunua wanaingiza hewa zaidi. Moto unazidi. Halafu wanalaumu pipa.

Kwa nini nguruwe hataki haraka

Najua kuna mtu hapo anasema, "Bro, si nitembee tu hadi Kamakis nile mbuzi nirudi?" Ni sawa. Mimi pia napenda nyama choma. Lakini bega la nguruwe si mguu wa mbuzi wa kuchoma na kukatakata na kachumbari. Bega limejaa nyuzi ngumu na mishipa inayoshikanisha misuli, na vitu hivyo havilainiki kwa moto mkali. Vinahitaji muda. Nyama ikipita nyuzi 70 ndani, ile mishipa inaanza kuyeyuka pole pole na kuwa kama supu nzito. Ikifika karibu na nyuzi 90, mfupa unachomoka kwa vidole. Moto mkali hauwezi kukuletea hiyo, juu nje itakuwa makaa kabla ndani hakujafika popote.

Ndio maana joto la ndani ya pipa tunalolenga ni kati ya nyuzi 110 na 125. Chini ya 100 unachezea hatari, nyama inakaa vuguvugu muda mrefu na vijidudu vinafurahi. Juu ya 150 unaoka tu, na mafuta yanadondoka yakishika moto. Kwa bega la kilo mbili lenye mfupa, hesabu saa sita hadi nane. Kwa mbavu, saa nne hadi sita. Kama huna huo muda, nunua mbavu, au pika kitu kingine siku hiyo.

Na tafadhali tusiambiane kwamba hii ni mambo ya Wazungu. Kiswahili kina neno lake, kubanika, na watu wa ziwani walibanika samaki kwa moshi kabla hujazaliwa wewe na simu yako. Wakalenjin nao hawachukui mti wowote kuandaa kibuyu cha mursik. Wana mti wao, na makaa ya mti huo ndiyo hupaka kibuyu ndani. Kuchagua mti na kuheshimu moshi ni mambo yetu. Kilichotupotea ni subira.

Moja, makaa

Makaa mazuri ni mazito, na ukigonganisha vipande viwili vinalia kama vigae. Makaa mepesi yanayovunjika mkononi yanawaka haraka na kuisha haraka. Halafu kuna vile vipande ambavyo havikuiva huko kwa tanuri, bado ni kuni katikati. Hivyo ndivyo vinatoa moshi mweupe mzito unaochoma macho. Vichague uvitoe. Nyama ikikaa kwenye huo moshi masaa sita inakuwa chungu, na hakuna mchuzi utakaoiokoa.

Sasa hesabu. Pipa la kawaida, upepo ukiwa mdogo, hula karibu nusu kilo ya makaa kwa saa kama umezuia hewa vizuri. Ule mkebe wa gorogoro tunaoita wa kilo mbili ni wa kilo mbili za mahindi. Ukijaa makaa unabeba kama nusu kilo tu. Kwa hivyo fikiria mkebe mmoja kwa saa. Bega la saa saba ni mikebe saba. Piga hiyo hesabu na bei ya kwa mama makaa wako kabla hujaingia buchari, si baada.

Na hapa ndio nina maoni ambayo najua wengine hawatapenda. Makaa bora ya kazi hii si yale makubwa ya gunia. Ni yale madonge ya vumbi la makaa na udongo ambayo akina mama wamekuwa wakifinyanga na kuanika juani miaka yote, na ambayo vijana wengi wanayaona ni ya umaskini. Vumbi ambalo muuzaji angefagia na kutupa linachanganywa na udongo kidogo na maji, linaviringwa, linakauka siku kadhaa, na linawaka pole pole bila kelele. Watu huyatumia kwa githeri na maharagwe. Basi nguruwe wa saa saba ana tofauti gani na maharagwe? Donge halina haraka. Linashika joto lilelile kwa muda mrefu kuliko kipande cha makaa, na bei yake ni ya chini.

Lina kasoro yake, na niiseme. Udongo hauchomeki, kwa hivyo majivu ni mengi, na majivu yakijaa chini yanaziba hewa. Joto linaanza kushuka na wewe unadhani makaa yameisha, unaongeza mengine, kumbe moto unakosa pumzi tu. Weka wavu chini ya makaa ili majivu yadondoke, na kila saa mbili pitisha kijiti uyatikise kidogo. Kidogo, si kama unachanganya ugali, usije ukarusha majivu juu ya nyama.

Mimi hupenda kuchanganya. Madonge ndiyo msingi, makaa magumu machache ndiyo ya kuwashia.

Mbili, kuwasha

Usiwashe kwa mafuta ya taa. Usiwashe kwa nailoni, na hii naisema kwa sauti juu bado naiona kila wiki. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, lakini vipande vyake bado vinapata njia ya kuingia kwa jiko. Ukipika ugali kwa sufuria, labda huonji. Ukifunga kifuniko juu ya nyama masaa saba, unakula plastiki. Tumia karatasi na vijiti vikavu.

Halafu usiwashe makaa yote. Hili ndilo jambo ambalo likikuingia, umeshinda nusu ya vita. Panga makaa yako baridi yafuatane kama mkufu kando ya ukuta wa pipa, safu mbili chini na mbili juu, kuanzia upande mmoja hadi karibu yazunguke, lakini miisho isikutane. Washa vipande vichache pembeni kwenye jiko mpaka vishike majivu meupe juu, kisha viweke kwenye mwisho mmoja wa huo mstari. Moto utatembea wenyewe, kipande kwa kipande, kama foleni ya matatu pale Ruiru asubuhi. Hauwezi kuruka mbele. Ukitaka moto mkubwa zaidi, ongeza upana wa mstari. Ukitaka muda mrefu zaidi, ongeza urefu.

Kama pipa lako ni lile lililokatwa nusu na kulazwa, fanya rahisi zaidi. Makaa upande mmoja, nyama upande mwingine, na chini ya nyama sufuria ya maji. Washa makaa machache na uyaweke juu ya yale baridi. Moto utashuka polepole ukila kwenda chini.

Tatu, matundu mawili

Pipa linahitaji tundu la hewa kuingia, chini, upande wa moto. Linahitaji na tundu la moshi kutoka, juu, upande wa nyama. La juu liache wazi muda wote. Watu hufunga la juu ili "moshi ubaki ndani", na moshi unaobaki ndani unapoa, unageuka lami, unakaa kwa nyama. Moshi unapaswa kupita na kuenda zake. La chini ndilo la kudhibiti.

Panda polepole. Ni rahisi kupandisha joto kuliko kulishusha, juu bati na makaa yakishapata moto hayasahau haraka. Fungua tundu la chini lote mwanzoni, na kipimo kikifika 95 anza kulifunga, mpaka libaki robo hivi. Litapanda lenyewe hadi 110. Ukigusa tundu, ligeuze kidogo halafu ngoja dakika kumi na tano kabla hujagusa tena. Mtu anayegeuza kila dakika mbili anafukuzana na kivuli chake.

Likipita 140, funga la chini kabisa na utulie. Usimwage maji kwa makaa. Mvuke utarusha majivu, nyama itakuwa ya kijivu, na moto utakufa upande mmoja tu.

Na acha kufunua. Kila ukifunua unapoteza joto na unayapa makaa hewa. Ukiwa unaangalia, hupiki.

Nne, kipimajoto na siri ya huku juu

Ile saa ya joto inayokuja kwenye kifuniko inapima hewa ya juu kabisa ya pipa, si pale nyama ilipo. Nunua kipimajoto kidogo cha kuchoma nyama. Kama kuna pesa ya kununua kitu kimoja tu, nunua hicho, si viungo vya chupa na aproni.

Ukikinunua, kijaribu kwa maji yanayochemka, na hapa ndio watu wa huku hudanganyika. Ruiru iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari. Maji hapa hayachemki kwa nyuzi 100. Yanachemka karibu 95. Kwa hivyo kikisoma 95 usikirudishe dukani ukisema ni kibovu. Ni kizima, ni wewe uko mlimani. Kingekuwa Mombasa kingesoma 100.

Hii inabadilisha na upishi. Maelekezo mengi unayoyaona yameandikwa na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari, na wanakwambia ufikishe bega nyuzi 96 ndani. Hapa, maji yaliyo ndani ya nyama yenyewe yanataka kuwa mvuke kabla ya hapo. Utangoja namba ambayo haiji na nyama inakauka ukiiangalia. Mimi huanza kujaribu mfupa kwa 88, na kufikia 91 au 92 mara nyingi iko tayari. Namba ni ya kukuelekeza, mfupa ndio hakimu. Ukitingisha mfupa ukazunguka bila ubishi, toa.

Na ile saa ya katikati ambapo joto la nyama linakwama kwa 65 au 70 na halisongi hata ukilia, usishtuke. Nyama inatoa jasho. Maji yakipanda juu na kukauka yanaipoza, sawa na wewe ukitoka kuoga kukiwa na upepo. Moto haujafa. Huyo ndiye shetani wa kukufanya ufungue tundu lote. Mpuuze. Ngoja, au funga nyama kwa karatasi ya alumini jasho lisitoke, na itaanza kusonga tena.

Kama huna kipimajoto, weka kiganja juu ya wavu mahali nyama itakaa na uhesabu. Ukivumilia sekunde nane hadi kumi, uko karibu. Ukitoa mkono kwa tatu, moto ni wa choma.

Tano, mti wa moshi

Makaa ni ya joto, moshi ni wa mti. Na mimi huchoka nikiona mtu wa Ruiru ananunua vipande vya mti kutoka Marekani vikiwa ndani ya pakiti. Bro, unaishi kwenye nchi ya kahawa. Aina ya kahawa inayoitwa Ruiru 11 ilitoka kwa watafiti wa hapa hapa na ikapewa wakulima mwaka 1985. Ndiyo, mashamba mengi yamekuwa ploti na mageti, lakini bado ukiingia ndani kidogo kuna watu wanapogoa kahawa, na yale matawi wanayatumia kama kuni. Mti wa kahawa ni mgumu, unawaka taratibu, na moshi wake ni mtulivu. Mpera ni mzuri. Mwembe pia. Vipande vitatu au vinne vya ukubwa wa ngumi vinatosha kazi nzima, na viwe vikavu.

Usitumie msaiprasi wala msonobari, utomvu wake unafanya nyama inuke kama dawa ya sakafu. Mkaratusi pia uache. Na usiguse mbao za mjengo, zile zilizopakwa dawa ya mchwa au rangi. Hizo ni sumu.

Pipa lenyewe nalo liulizie historia. Ukienda kwa fundi wa jua kali akukatie pipa la lita 200, uliza lilibeba nini. La mafuta ya kupikia ni sawa. La kemikali usilibebe hata kama ni bei ya kutupa. Na kabla ya nyama ya kwanza, lichome likiwa tupu kwa moto mkali mpaka rangi ya ndani iishe. Wavu wa nyama usiwe ule waya wa ua uliopakwa zinki, juu zinki ikipata moto mkali inatoa moshi mbaya.

Baridi ya Julai ikifika na ule mvua mwembamba, bati la pipa linapoteza joto kama mtu bila sweta. Geuza tundu la hewa lisielekee upepo, simamisha bati la kuzuia upepo, na weka matofali mawili ya kuchomwa ndani yashike joto. Yawe makavu kabisa. Usiokote jiwe la mjengo lililolala nje kwa mvua ukaliweka kwa moto, maji yaliyo ndani yanaweza kulipasua.

Mambo ambayo hayana mzaha

Sasa tuongee kama watu wazima.

La kwanza, tegu. Nguruwe anaweza kuwa na vifuko vya minyoo ndani ya nyama, vidogo kama punje za mchele. Ukila bila kuiva unapata tegu tumboni. Na mtu mwenye tegu akitoka chooni bila kunawa, mayai yake yanaweza kuingia kwa watu wengine, na minyoo michanga inayotoka kwa mayai hayo ikafika kwenye ubongo. Shirika la Afya Duniani linataja hilo miongoni mwa sababu kuu za kifafa kinachoweza kuzuilika. Kwa hivyo nunua nyama yenye muhuri wa mkaguzi. Ukiona vipunje, rudisha. Usinunue ile ya "kuna jamaa amechinja kwake". Bega ukilifikisha 90 ndani uko salama mbali. Shida ni yule anayetoa nyama kwa macho, ati rangi imeiva. Moshi hupaka rangi nzuri hata juu ya nyama mbichi.

La pili, hewa ya sumu. Makaa yanayozuiwa hewa hutoa kaboni monoksidi, na haina harufu wala rangi. Kwa hivyo ule ustadi wote nilioeleza hapo juu wa kubana moto ndio unaofanya pipa kuwa hatari mahali palipofungwa. Kila msimu wa baridi tunasikia watu wamelala na jiko ndani na hawakuamka. Usipikie kwa bedsita. Usipikie kwa ngazi za fleti. Balkoni yenye vioo si nje. Na ukimaliza, usiingize pipa ndani ati "limezima". Makaa yaliyofunikwa majivu yanapumua hadi kesho yake. Funga matundu yote, liache nje, na yale yaliyobaki yatazima yenyewe utayatumia wikendi ijayo.

La tatu, jirani. Moshi wa saa saba si wako peke yako. Kuna nguo kwa kamba, kuna mtoto mwenye pumu ghorofa ya tatu, kuna jirani Mwislamu au Msabato ambaye hataki harufu hiyo kwa pazia lake. Waulize. Kama ploti haina nafasi, tafuta mwenye uwanja. Haki yako ya kula haizidi haki yao ya kupumua.

La nne ni kwa wale wanaouza. Najua vijana wengi hapa wanapika nyumbani na kutuma kwa boda. Napenda hustle hiyo. Lakini nyama iliyokaa vuguvugu kwenye kontena la plastiki masaa matatu si biashara, ni kesi. Iweke juu ya nyuzi 60 au ipoze haraka kwa friji. Pata cheti cha afya. Mteja mmoja akiugua, ukurasa wako wote umeenda.

Mti wa nani?

Makaa ya Ruiru hayaoti Ruiru. Yanatoka Kajiado, Narok, Kitui na kwingine kukavu, na kwa tanuri la udongo la kawaida kilo moja ya makaa inaweza kula kilo tano hadi kumi za kuni. Yaani ile mikebe saba yako ilikuwa rundo zito la kuni.

Serikali ilisimamisha ukataji wa miti kwenye misitu ya umma Februari 2018, na Rais Ruto akaondoa zuio hilo Julai 2023. Mwaka huo huo wa 2018 Kitui ilikataza makaa kusafirishwa nje ya kaunti, lori likachomwa huko, na ugomvi ukafika mpaka huku Kiambu kwa wafanyabiashara. Watu walibishana kuhusu kabila na siasa. Wachache sana walibishana kuhusu yule anayeyachoma mwishoni, ambaye ni wewe na mimi.

Sisemi tuache kupika. Nasema moto wa saa saba usiwe wa bega moja. Pipa likishafika 115, kilo mbili na kilo kumi zinakula makaa yasiyotofautiana sana. Basi kwa nini kila mtu kwenye ploti awashe lake? Mnapika chama cha pesa, pikeni chama cha moto. Watu watano, kila mmoja alete bega lake limetiwa chumvi usiku uliotangulia, limefungwa na lina alama. Makaa mnachanga. Mmoja anakaa zamu ya asubuhi, mwingine ya mchana. Juu ya pipa weka na viazi, weka na kuku wa yule asiyekula nguruwe, ila awe na wavu wake pembeni, mafuta yasimdondokee.

Kama hata hiyo ni ngumu, kuna njia ya katikati ambayo wenye kujua sana wataicheka lakini iko na maana. Nyama hushika moshi zaidi mwanzoni, ikiwa bado ina unyevu nje. Ipe moshi saa tatu kwa pipa, ifunge, umalizie kwa ovena ya gesi kwa nyuzi 120. Umeokoa nusu ya makaa, na mtu mezani hatajua.

Ustadi wa moto haupimwi kwa ukubwa wa mwali kwenye video. Unapimwa kwa makaa yaliyobaki pipa likishapoa. Wikendi hii kabla hujawasha, hesabu mikebe yako, andika kwa karatasi. Ukimaliza, hesabu iliyobaki. Wikendi ijayo jaribu kupunguza mmoja. Na ukishajua pipa lako linakula ngapi kwa saa, mwambie jirani alete bega lake.